Ila ya Gari na Aibu ya Mtu

Katika kata ya Misunkumilo, kama ilivyo katika kata nyingine za Manispaa ya Mpanda, gari halifi upesi. Likichoka Dar es Salaam huuzwa likaletwa bara. Likichoka bara husukumwa hadi chini ya mwembe, likalala hapo mwaka mzima au zaidi, majani yakaota baina ya magurudumu yake na kuku wakataga mayai juu ya siti ya nyuma. Kisha siku moja hutokea mtu mwenye fedha chache na matumaini mengi, akalinunua, akaita fundi, akalifufua kidogo kidogo, na mwisho akalitafutia mnunuzi.

Ndugu msomaji, kazi hiyo si ya kudharauliwa. Mpanda iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka bandari ya Dar es Salaam. Mtu wa Karema, wa Inyonga au wa Mishamo anayehitaji gari la kubebea mpunga wake na kumfikishia mgonjwa hospitali hana uwezo wa kununua gari jipya. Hata lile linalotoka Japani likiwa limekwisha tumika huenda likamshinda, kwani Serikali hutoza ushuru wa ziada kwa magari yenye umri mkubwa yanayoingizwa nchini. (Wenzetu wa Kenya wamekataza kabisa kuingiza gari lililopita miaka 8.) Kwa hivyo anayekichukua chuma kilichokuwa kikiliwa na kutu akakirudisha barabarani ametenda jambo la manufaa, na faida anayoipata ni halali yake.

Lakini fedha chache zina tabia ya kumweka mtu njia panda. Mwenye fedha za kutosha hutengeneza kila kitu, na hana la kuficha. Mwenye fedha chache hana budi kuchagua: hiki nikitengeneze, kile nikiache. Na mara tu anapochagua, swali jingine linamfuata: hicho alichokiacha, je, atamwambia mnunuzi au atanyamaza? Wengi wetu hudhani kwamba haya ni mambo mawili mbalimbali, la kwanza la ufundi na la pili la dini. Mimi naona ni jambo moja.

Tutoe mfano wa kubuni, tusije tukamgusa mtu. Kijana wa Misunkumilo amenunua Toyota Corolla iliyolala, kwa shilingi 2,000,000. Fundi amelala chini yake, ameinuka, amejipangusa mikono, na amemhesabia hivi: breki za magurudumu yote, shilingi 350,000, boljointi na viungo vya usukani, 250,000, tairi nne, 400,000, rejeta na gasketi, 300,000, injini inakula oili, inataka kufunguliwa na kutiwa ringi mpya, 900,000, kukata bati lililooza kwa kutu na kuchomelea jipya, 300,000, puti na rangi, 500,000. Jumla ni shilingi 3,000,000. Kijana amebakiwa na 1,300,000 tu, na hana pa kukopa.

Hapa ndipo shetani anapoketi karibu yake na kumfundisha hesabu. Maana katika biashara ya gari kuukuu mna jambo moja la ajabu: rangi hurudisha shilingi yake na zaidi, lakini breki hairudishi kitu. Mnunuzi akija, anaona rangi tokea barabarani. Anafungua mlango, anaona siti zimefuliwa. Anageuza ufunguo, anasikia injini inanguruma. Nani amewahi kuongeza bei kwa sababu mafuta ya breki ni mapya? Basi kijana akitoa laki tano kwa rangi na laki moja kwa hila ndogo ndogo, huenda akaliuza gari kwa shilingi 5,000,000, na mkononi akabakiwa na faida ya shilingi 2,400,000. Akitoa zile 1,300,000 zote kwa breki, usukani, tairi na rejeta, atakuwa na gari lenye madoa ya kutu, linalokula oili, ambalo mnunuzi atalitazama kwa jicho la pembeni na kumpa, tuseme, 3,800,000. Faida ni laki tano. Tofauti baina ya njia hizi mbili ni shilingi 1,900,000, nazo ni bati za nyumba na ada za watoto. Mwandishi anayemwambia kijana huyo kwamba uaminifu utamtajirisha zaidi anamdanganya, na si vizuri kuhimiza ukweli kwa uongo.

Hizo hila ndogo ndogo tunazijua. Nitazitaja, si kwa kumfundisha muuzaji, maana yeye amekwisha zijua, bali kwa kumzindua mnunuzi. Injini iliyolegea hutiwa oili nzito kupita inavyotakiwa, nayo hutulia kelele na moshi kwa muda. Difu inayolia hutiwa unga wa mbao. Rejeta inayovuja hutiwa manjano au yai bichi, likaziba tundu kwa siku chache. Tairi iliyokwisha huchongwa mifereji upya kwa kisu cha moto, kisha ikapakwa rangi nyeusi ikang'aa kama kiatu cha Idi. Kutu hufunikwa kwa puti, ikapigwa msasa, ikapakwa rangi. Na chini yake unyevu uliofungiwa unaendelea kula bati usiku na mchana. Mita ya kilomita hurudishwa nyuma. Hila zote hizi zina sifa moja: zinaishi muda mrefu kuliko majadiliano ya bei, na zinakufa kabla ya msimu wa mvua kwisha.

Wala si mpya. Waarabu wa kale hawakuwa na oili nzito, lakini walikuwa na ngamia na mbuzi. Aliyetaka kuuza mnyama asiye na maziwa mengi aliacha kumkama siku kadhaa, kiwele kikajaa, na mnunuzi akadhani amepata mnyama wa baraka. Mtume Muhammad (s.a.w.) alilikataza jambo hili, akampa aliyenunua mnyama wa namna hiyo hiari, baada ya kumkama na kuujua ukweli, ya kubaki naye au kumrudisha pamoja na pishi moja ya tende. Wafugaji wanaopeleka ng'ombe minadani huku Katavi hawahitaji kufafanuliwa hila hiyo. Injini iliyotiwa oili nzito ni kiwele kilichofungwa. Tofauti ni kwamba ng'ombe hudhihirika asubuhi ya pili, na injini baada ya kilomita mia tatu, pengine katikati ya pori.

Na hapa naomba nipotoke kidogo. Wanazuoni wa sheria waliipa kasoro ya bidhaa jina la Kiarabu ambalo ndilo lililotupa sisi neno la Kiswahili “aibu”. Kwao neno hilo lilikaa katika kitu: ngamia ana aibu, nguo ina aibu. Sisi tumelihamisha kutoka katika kitu tukalitia usoni mwa mtu. Gari letu lina ila au kasoro. Aibu anaipata mwenye kuificha. Sijui ni nani aliyefanya uhamisho huo, lakini alikuwa na akili.

Turudi kwenye hoja. Muuzaji ana majibu yake, na haki ni kumsikiliza. La kwanza ni kwamba mwenye macho haambiwi tazama: mnunuzi amekuja kwa miguu yake, amelizunguka gari, na angeweza kuja na fundi. Sheria ya nchi nayo yaelekea kumpa nguvu kidogo, kwa kuwa Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, iliyofuata mfano wa sheria ya Kiingereza ya mwaka 1893, imerithi ile kanuni kongwe kwamba mnunuzi na ajihadhari. Ni kweli imeweka mipaka, hasa pale muuzaji anapokuwa ndiye mfanya biashara wa bidhaa hizo. Lakini kijana anayeuza gari moja chini ya mwembe hajihesabu kuwa mfanya biashara. Jibu langu ni fupi. Methali ile inamhusu mwenye kitu kilicho mbele ya macho. Aliyekipaka rangi kitu ili kisionekane, kisha akasema mnunuzi alikuwa na macho, amemfunga mwenzake kitambaa na kumlaumu kwa kujikwaa. Kila msomaji anakijua kisa cha chungu ya nafaka katika soko la Madina, jinsi Mtume (s.a.w.) alivyotia mkono ndani yake akakuta unyevu, na muuzaji akajitetea kwamba ilinyeshewa na mvua. Hakulaumiwa kwa mvua. Alilaumiwa kwa kuiweka nafaka iliyolowa chini na ile kavu juu.

La pili lina uzito zaidi. Muuzaji husema: “Mimi nauza kama lilivyo. Ukilitoa hapa, limekutoka wewe.” Hakusema uongo, hakusifu kitu, amejivua jukumu waziwazi na mnunuzi amekubali. Je, hilo linatosha? Imesimuliwa katika Muwatta ya Imam Malik kwamba Abdallah bin Umar, katika zama zile ambapo watumwa waliuzwa kama mali, aliuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti kwamba hadaiwi kwa ila yoyote. Baadaye mnunuzi akadai kuwa yule mtumwa alikuwa na maradhi ambayo hakuambiwa. Shauri likafika kwa Khalifa Uthman bin Affan, naye akaamua kwamba Ibn Umar aape kuwa alipouza hakuijua ila hiyo. Ibn Umar akakataa kuapa, akampokea yule mtumwa tena. Tazama mahali Khalifa alipoligusa jambo. Hakuuliza kama sharti lilitajwa. Aliuliza kama muuzaji alijua. Imam Malik naye alishika msimamo huo: sharti la “kama lilivyo” humkinga mtu na yale asiyoyajua, wala halimkingi na ila aliyoijua akaificha. Wako wanazuoni waliolipa sharti hilo nafasi kubwa zaidi, na sitaki kuwasingizia kauli moja. Lakini hata hao hawakusema kuwa kumhadaa mtu kwa makusudi ni jambo jema. Na kijana wetu anajua. Fundi amekwisha mhesabia, shilingi kwa shilingi.

La tatu ndilo linalosemwa kwa sauti ya chini, nalo ndilo la kweli kabisa: “Nikisema yote, sitauza.” Hofu hii ina sababu. Mwaka 1970 mtaalamu wa uchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika makala kuhusu soko la magari yaliyotumika, na mwaka 2001 akatunukiwa pamoja na wenzake wawili Tuzo ya Nobel ya uchumi. Aliyoyaonyesha mzee yeyote wa sokoni angeyaelewa. Mnunuzi asipoweza kupambanua gari zima na gari bovu, hukataa kulipa bei ya gari zima, akaweka bei ya katikati. Kwa bei hiyo mwenye gari zima anaona hasara, analiondoa sokoni; wanaobaki ni wenye magari mabovu; bei inashuka tena. Mwisho soko linajaa mabovu matupu, na hakuna anayemwamini mwenzake. Kwa hivyo kijana wetu anapotaka kusema kweli anakuta kwamba waongo waliomtangulia wamekwisha kula bei yake. Akisema “injini inakula oili kidogo”, mnunuzi aliyezoea kudanganywa anaelewa kwamba injini imekufa. Ghushi ya mmoja inawatoza ushuru wasema kweli wote wa mji mzima. Huu ni msiba wa kweli, wala dawa yake si mtu mmoja kusema kweli siku moja.

Hata hivyo ipo njia ya kupita, nayo naipata katika kisa anachokisimulia Imam Ghazali katika Ihyau Ulumid-Din, kwenye mlango wa adabu za kuchuma. Sahaba Wathila bin al-Asqa alikuwa amesimama mahali ambapo mtu mmoja aliuza ngamia wake jike kwa dirhamu 300. Wathila alikuwa ameghafilika, na alipozindukana mnunuzi amekwisha ondoka na mnyama wake. Akamkimbilia huku akimpigia kelele, na alipomfikia akamwuliza: je, amemnunua ngamia huyo kwa ajili ya nyama au kwa kumpanda? Yule mtu akajibu kwamba ni kwa kumpanda. Ndipo Wathila akamwambia kuwa katika wayo wa ngamia mna tundu alilolishuhudia mwenyewe, na kwamba hatastahimili safari ya mfululizo. Mnunuzi akarudi, na muuzaji akapunguza dirhamu 100. Muuzaji akamnung'unikia Wathila kuwa amemharibia biashara.

Watu wengi hukichukua kisa hiki kwa ajili ya uaminifu wa Wathila, ambaye hakuwa muuzaji wala mnunuzi, bali mpita njia tu. Mimi kinachonishika ni lile swali lake. Hakuanza kwa kumwambia mtu kwamba ameibiwa. Aliuliza kwanza: nyama au safari? Kwani kwa mwenye kutaka nyama, tundu la wayo si kitu. Ila haipimwi peke yake. Hupimwa kwa lile atakalolifanyia mnunuzi. Corolla ile ile, kwa mwenye kutaka gia boksi, milango na vioo avifunge katika gari lake jingine, ni mali safi, ibomoke breki isibomoke. Kwa mwenye kutaka kwenda nayo Karema na watu wanne ndani, ni jambo jingine kabisa.

Na swali hilo, tukilifuata, linagawa ila za gari mafungu mawili. Fungu la kwanza ni zile zinazoponywa na ulimi. Rangi imebabuka, mlango wa nyuma haufunguki kwa ndani, injini inakula oili, huna budi kuongeza kila baada ya siku kadhaa, kutu imeingia chini ya mlango wa kushoto. Ukimwambia mnunuzi, na bei ikashuka kwa kadiri yake, ila hiyo imekwisha kuwa haki yake, ameinunua kwa macho mawili. Hakuna aliyedhulumiwa. Anayeumia, kama yupo, ni yule yule aliyekubali.

Fungu la pili ulimi hauwezi kuliponya. Ukiniambia breki hazishiki, nami nikakubali kwa kuwa bei ni nzuri, tumekubaliana mimi na wewe. Lakini mtoto anayevuka barabara akitoka shule hakuwepo chini ya mwembe. Abiria atakayepakiwa Sitalike hakuulizwa. Mnunuzi anaweza kuisamehe haki yake. Ya mtu mwingine hana uwezo wa kuisamehe. Hata bima ambayo sheria imeilazimisha kwa kila gari tunaiita bima ya mtu wa tatu, na sijui kama tumewahi kukaa tukalifikiri jina hilo. Kila gari linapouzwa yuko mtu wa tatu ambaye hajulikani, hajazungumza bei, wala hana nakala ya mkataba.

Basi tazama jinsi hesabu ya fundi inavyojipanga upya. Breki, usukani, tairi na taa ni za mtu wa tatu. Hizo zinatakiwa spana, wala hazitakiwi maneno. Vingine vyote ni vya mnunuzi, na visipopata spana vipate maneno. Kijana mwenye shilingi 1,300,000 hana haja ya kuumiza kichwa akitafuta nini cha kutengeneza kwanza. Atengeneze kile asichoweza kukisema. Laki tatu na nusu za breki, laki mbili na nusu za usukani, laki nne za tairi: hapo imekwenda milioni moja. Laki tatu zilizobaki ziende kwenye rejeta, kwa sababu gari lililochemka usiku katika hifadhi ya Katavi nalo si mzaha. Injini, kutu na rangi zingoje ulimi.

Katika hizo breki, asiridhike na kubadilisha pedi peke yake. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa kadiri miaka inavyopita, na yakiisha kunyonya huchemka mapema. Katika barabara tambarare dereva hatatambua kitu. Lakini ashuke mteremko wa Lyamba lya Mfipa, kutoka uwanda wa juu wa Ufipa kuelekea bonde la Ziwa Rukwa, akiwa amekanyaga breki muda mrefu na mzigo nyuma. Mafuta yakichemka huingia mvuke katika mabomba, na mguu unazama mpaka chini bila ya gari kushika. Chupa ya mafuta mapya ni nafuu kuliko kopo la rangi. Tairi nazo asizinunue kwa kutazama weusi. Ubavuni mwa tairi mna tarakimu nne za tarehe: 2314, kwa mfano, maana yake ni juma la 23 la mwaka 2014. Mpira huzeeka hata kama mifereji yake ni mirefu. Na kwa upande wa mnunuzi, asione haya kutembea na kijisumaku mfukoni. Akikipitisha juu ya bodi kikakataa kushika mahali fulani, basi hapo hapana bati, pana puti.

Itakuwaje kwa yule ambaye fedha zake hazifiki hata hizo za breki na usukani? Naye Wathila amekwisha mjibu. Auze nyama. Aliuze gari kwa ajili ya vipuri, livutwe kwa kamba, lisitoke pale kwa nguvu zake lenyewe, na asikubali kuambiwa na dalali kwamba “atakayenunua atajua mwenyewe”. Bei ya vipuri ni ndogo, na inauma. Lakini wako wanaouza boljointi iliyokatika kwa watu wenye watoto, kisha wakatoa sadaka siku ya Ijumaa.

Sijamzungumzia fundi, nami sitaki apite hivi hivi, kwa sababu mara nyingi yeye ndiye anayejua kuliko wote na ndiye anayelipwa kidogo kuliko wote. Fundi wa bodi anaambiwa: “Funika tu, nauza.” Anaijua maana yake. Je, achukue kazi? Gereji nyingi hulipa kwa kazi; siku isiyo na kazi ni siku isiyo na unga. Katika kitabu kile kile Imam Ghazali ametaja swali aliloulizwa Imam Ahmad bin Hanbal kuhusu kutarizi nguo iliyochanika kwa ufundi mkubwa hata pasionekane kwamba ilichanika. Alijibu kwamba anayeiuza nguo hiyo haimjuzii kuificha ile kasoro. Na kwamba kazi hiyo ni halali kwa mshonaji iwapo anajua kuwa mwenye nguo ataidhihirisha, au kuwa hakusudii kuiuza.

Jibu hili limetua palepale penye jasho. Halikumkataza fundi kuwa hodari. Puti iliyopigwa msasa hata usijue ilipoanzia ni kazi nzuri, na mwenye gari anayetaka kulitumia mwenyewe ana haki ya kuipata. Halikumwambia fundi pia kwamba yeye ni mikono tu na dhambi ni ya mwenye mali. Limemwachia jambo moja la kufanya: ajue. Na mtu hajui ila kwa kuuliza. Fundi wa Misunkumilo anaweza kuuliza, huku akiendelea kupiga msasa, kwa upole kabisa: “Mzee, hapa palipooza utamwambia mnunuzi?” Akijibiwa ndiyo, aendelee na kazi yake. Akijibiwa kwa kicheko, amekwisha jua, na sasa uamuzi ni wake. Sitajifanya kwamba ni uamuzi mwepesi kwa mtu ambaye nyumbani wanamngoja. Lakini asiseme tena kwamba hakuhusika. Tena mafundi wa mtaa mmoja wakizoea kuliuliza swali hilo wote, hapatakuwa na gereji ya pili ya kukimbilia, na lile soko la Akerlof, ambalo mtu mmoja halitengenezi, huenda likaanza kutengenezeka kwa watu kumi.

Limebaki jambo la namna ya kusema. Mdomo husahau, na mnunuzi naye hukana. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni, na ndani yake mmetajwa pia kuweka mashahidi wakati wa kuuziana. Basi siku ya mauziano, pamoja na kadi ya gari na zile taratibu za kubadilisha jina la mmiliki kule Mamlaka ya Mapato, iandikwe karatasi moja, nakala mbili, mashahidi wawili. Isiandikwe “kama lilivyo”. Iandikwe hivi: breki na tairi ni mpya, zimefungwa mwezi fulani, usukani umetengenezwa, rejeta imebadilishwa, injini inakula oili, iangaliwe kila asubuhi, chini ya mlango wa kushoto pana kutu ambayo haikukatwa, kilomita zinazosomeka si za kutegemewa, mita ilikuwa imekufa gari liliponunuliwa, kioo cha nyuma kulia hakipandi. Kisha saini, na tarehe, na bei kwa tarakimu na kwa maneno.